Kazikwa na katekista tu

Jumamosi tumemzika jirani yangu, bibi wa Kijerumani wa ghorofa ya pili, hapa karibu na Köln. Mkatoliki. Aliyeongoza mazishi ni mama mmoja mlei, yaani muumini wa kawaida asiye padri wala mtawa, amesomea teolojia, Kanisa linamlipa mshahara kila mwezi. Alisoma Injili, akahubiri, akanyunyiza maji ya baraka, akatupia udongo. Hakuna aliyenong'ona. Mimi peke yangu nilikuwa nageukageuka kumtafuta padri.

Maana kwetu tunajuana, asipozika padri watu husema: "Kazikwa na katekista tu." Hiyo "tu" inaniuma hadi leo.

Katekista ni mlei anayefundisha dini. Wa kigango chetu (kanisa dogo chini ya parokia) kule Ruvuma alituongozea ibada za Jumapili tangu sijabatizwa, padri akija mara moja kwa mwezi, masika hata hiyo moja haipo. Alifundisha Komunyo ya kwanza, aliamua ugomvi wa ndoa, alizika. Malipo yake debe la mahindi baada ya mavuno, tena la kubembeleza. Siku paroko akifika, khanga zinatandikwa njiani na kuku anachinjwa. Katekista anashika begi.

Najua mtasema: kaenda Ulaya juzi, leo anatufundisha dini. Jamani, sijasema huku ni mbinguni. Mshahara wa yule mama unatokana na kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato ya muumini, kutegemea jimbo la nchi, si la kanisa. Wengi wanajiondoa kanisani wasikatwe. Na bibi wa watu tulimzika watu saba. Saba! Kwetu jumuiya nzima ingelala msibani na kwaya ingeimba hadi sauti zikauke. Hilo sibadilishani na Mjerumani yeyote.

Mwingine atasema padri ana daraja takatifu la upadri. Nani kabisha? Misa na kitubio ni vyake. Lakini mazishi, padri na shemasi wasipokuwepo, Kanisa lenyewe linaruhusu mlei aongoze. Mwaka 2021 Papa Fransisko akaufanya ukatekista huduma rasmi. Tulipiga vigelegele, debe likabaki debe.

Mzee wetu, yule katekista, alifariki mwaka juzi. Wanawe walikataa azikwe na katekista mwenzake, maiti ikangoja siku tatu padri apatikane. Hela ya mafuta ya gari la padri nilituma mimi.