Huku Hamshuki, Mnaporomoka

Desemba ikiingia, Mombo panajaa madereva wa lami pana. Wametoka Dar, wamepita Segera, wamepita Korogwe, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye hindi la kuchoma, halafu wanakata kulia kupandisha Lushoto kama vile wanaingia Sinza. Mgosi, subiri kwanza. Mombo ni bondeni, mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye 1,400. Katikati una kilomita 33 tu. Maana yake humo njiani wamekukunjia kilomita nzima ya kwenda juu, na yote utakayoipanda leo utakuja kuishuka keshokutwa ukiwa na mama mkwe, debe la peasi na usingizi.

Kupanda sina ugomvi nako. Gari likishindwa linachemsha, mnashuka, mnasukuma, mnalaumiana, limekwisha. Njoo uwaone wanavyorudi.

Wa kwanza ameweka frii, yaani ameitoa gia, gari linajibiringisha lenyewe. Ukimuuliza anakujibu kwa kujiamini: "Nasevu mafuta." Jamani! Gari lenye injini ya EFI, yaani kompyuta ndiyo inayopima mafuta, na hizi Toyota zinazoshushwa bandarini karibu zote ndizo hizo, ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inafunga kabisa nozeli zinazopuliza mafuta, ilimradi mizunguko ya injini iko juu kidogo, tuseme 1,500 kwa dakika kwenda mbele. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na tone halitoki. Ukiweka frii, injini inabidi ijilishe yenyewe isizime, kwa hiyo inakunywa. Umehatarisha roho za watu watano ili uchome mafuta zaidi. Hesabu za wapi hizo?

Wa pili amezidi, amezima injini kabisa. Huyu hajui kwamba busta ya breki, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inategemea mvuto wa hewa wa injini. Injini ikizimika unabakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili, labda tatu, halafu pedeli inakuwa ngumu na utaisimamia kwa miguu miwili. Usukani nao unakuwa mzito. Na akiuchomoa ufunguo, usukani unajifunga pale pale, sasa kona ijayo aizungumze kwa maneno. Bodaboda wana ugonjwa huo huo, tena wao wanashuka kimya na magunia mawili ya karoti, humsikii mpaka yuko kwenye boneti yako anakuuliza kwa nini hukupiga honi.

Waulizeni madereva wa Fuso za mboga, wale wanaoshusha kabeji usiku ziwahi soko la Dar. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Pale juu ya Soni, kamji ka njiani, ulipanda na namba mbili, shuka na namba mbili. Na iingize mapema, kabla mteremko haujaanza, maana ukishakolea mwendo gia nzito haikubali. Inakwaruza tu, na wewe umebaki kwenye frii bila kupenda. Fuso lenyewe lina eksozi breki, ile inayobana moshi ili injini ilishike gari, lina utingo mlangoni, lina dereva anayeijua kila kona kwa jina, bado linashuka polepole. Wewe una IST na kiyoyozi.

Halafu kuna hawa wa otomatiki. Hawa ndio wanaonichosha. "Gari yangu haina gia." Inazo! Angalia mkono wa gia, chini ya D kuna 2 na kuna L, hazikuwekwa pale kama urembo. Ubavuni kuna kitufe kimeandikwa O/D. Kibonyeze. Ile taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi usikimbilie kwa fundi, ndivyo inavyotakiwa: umeizuia gia ya juu isiingie. Mteremko ukikaza vuta kwenye 2, ukikaza zaidi punguza mwendo kwanza ndipo uvute L. Kama ni CVT, ile otomatiki ya mkanda, yenye herufi B, basi hiyo B ndiyo ya miteremko. Injini itanguruma, mshale wa mizunguko utapanda kwenye 3,000 au zaidi, na nyuma mama mkwe atauliza gari lina nini. Mwambie linashika, mama, endelea kulala.

"Lakini breki zangu ni mpya!" Hongera. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Anayekanyaga kidogokidogo bila kuachia kutoka Lushoto mpaka chini anayapika magurudumu manne kwa wakati mmoja. Pedi zikizidiwa na joto zinateleza badala ya kukamata. Likiendelea, joto linahamia kwenye mafuta ya breki, na hapo ndipo wengi hawajawahi kupafikiria. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, na DOT 4 kwenye 230. Tatizo ni kwamba mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani siku zote, hata gari likiwa limepaki. Yakishalowana, DOT 3 inachemka kwenye nyuzi 140 na DOT 4 kwenye 155. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga na pedeli inazama mpaka kwenye kapeti bila gari kusikia lolote.

Kesho yake utasikia, "breki zilikatika ghafla." Ghafla gani? Zimeanza kunuka tangu juu, mkafunga vioo mkasema wenyeji wanachoma mkaa. Mafuta ya breki yanabadilishwa kila baada ya miaka 2. Waulize hawa waliofunga sabufa kwenye buti mara ya mwisho waliyabadilisha lini. Watakwambia gari lilikuja nayo kutoka Japani.

Breki ya mlimani inakanyagwa hivi: mwendo ukizidi ule unaoutaka, kanyaga kwa uhakika mpaka upungue kama kilomita 10 kwa saa, kisha achia kabisa. Acha gia ishike. Mwendo ukirudi, kanyaga tena. Pale unapoachia ndipo upepo unapozipoza disiki na madramu. Na kanyagia kwenye sehemu iliyonyooka, kabla ya kona, ukiingia humo ndani mguu uwe umeshamaliza kazi yake. Tairi likiwa linakata kona halina nguvu ya ziada ya kusimama, hasa manyunyu ya kwanza yakidondoka juu ya vumbi na oili ya malori.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kona, maana huku kila mtu anajiona amezaliwa na macho ya kuona nyuma ya mlima. Ukiwa na 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukiwa na 40 unakula 11. Kona nyingi za barabara hii unaona mita 30 tu mbele yako. Utasema 30 zinanitosha. Hazikutoshi, kwa sababu si zako peke yako. Barabara ni nyembamba, na kuna mwenzako anakuja naye anaziona hizo hizo. Zako ni 15. Ukiwa na 40, sekunde moja ya kushtuka imeshachukua 11 kabla mguu haujafika kwenye breki, na za kusimamia zinataka nyingine 10 hivi. Umeshaingia kwenye mita za watu. Ukiwa na 20 unasimama, na nafasi inabaki ya kumpa mwenzako mkono wa salamu.

Honi inapigwa kabla ya kona, ndefu moja, halafu unasikiliza. Sasa utamkuta mtu amepiga honi vizuri kabisa, ila vioo vyote juu, singeli inalia ndani mpaka milango inatetemeka. Anayejibu atamjibu nani? Shusha kioo cha upande wako, punguza mziki. Usiku angalau taa za anayekuja zinatangulia kwenye ukingo na kwenye miti, unazishusha zako mapema. Mchana huna msaada huo, una masikio tu.

Na kaa kushoto! Wanaoikata kona kwa ndani ili "wainyooshe" ndio nawatamani niwakalishe chini ya mti. Umekaa upande wa mwenzako, kwenye kona usiyoiona, kwa faida ya sekunde mbili. Ukikutana na Coaster au basi kwenye kona iliyokunjika sana, usijitie ukaidi. Gari refu likikata, magurudumu ya nyuma yanapita ndani zaidi kuliko ya mbele, kwa hiyo dereva wake lazima atanue aje upande wako. Hakudharau. Simama kabla ya kona, mwache amalize. Kinachonishangaza ni yule anayeingia naye humo humo, wanabanana pua kwa pua, halafu kila mmoja anazima gari kuonyesha hana haraka.

Pakibana, anayeshuka ndiye ampishe anayepanda. Anayepanda akisimama na mzigo, kuondoka tena ni kuunguza klachi na kurudi nyuma kidogokidogo huku utingo anakimbizana na tairi akiwa na jiwe. Ila tumia akili. Kama yeye yuko hatua tano kutoka kwenye upenyo na wewe inabidi urudi rivasi kona nzima, apishe aliye karibu. Na ukisogea pembeni usilipandishe tairi kwenye ukingo uliolowa. Udongo wa huku wakati wa masika una tabia ya kukubali halafu kubadili mawazo. Likikuponyoka nje ya lami, usiurudishe usukani kwa hasira, maana tairi litajinasa kwenye ukingo wa lami, likipanda linakurusha upande wa pili. Ondoa mguu kwenye mafuta, punguza, panda taratibu.

Kuhusu indiketa naomba taifa likae kikao. Lori la mbele yako likiwasha ya kulia linakwambia usipite, kuna gari. Au linakunja kulia. Au dereva ameisahau tangu Soni. Likiwasha ya kushoto linakwambia pita. Au linasimama kununua plamu. Na wewe unaruka kuovateki kwa tafsiri yako! Ile taa ni maoni ya mtu. Kama hujaiona barabara kwa macho yako mwenyewe, baki nyuma, plamu zipo za kutosha.

Ukungu ukishuka, wote wanawasha taa fulu. Fulu kwenye ukungu inagonga yale matone na kukurudia machoni, unaona ukuta mweupe. Shusha taa. Na hazadi, zile indiketa za pande zote mbili kwa pamoja, zizimwe kama gari linatembea. Unawasha hazadi, sasa ukitaka kukunja utatuambiaje? Kwa barua?

Nimalizane na mawe. Gari la mtu limeharibika kwenye kona, utingo ameweka mawe nyuma ya tairi, ameweka matawi barabarani. Matawi nayakubali, tena yaanzie mbali, kabla ya kona, ndiyo yatasaidia. Siyo unayaweka hatua mbili nyuma ya bampa, anayekuja anayaona wakati ameshakuona na wewe. Pembetatu za kuakisi unazo kwenye buti, zimekaa na nailoni yake unazitunzia trafiki. Gari likitengemaa, jamaa anaondoka na mawe anayaacha. Katikati ya lami. Mlima wenyewe unashusha mawe yake wakati wa mvua, hauhitaji msaidizi.

Na ikitokea pedeli imezama kweli, usipoteze muda kumwita mtu. Pampu haraka haraka, wakati mwingine inajaa kidogo. Shusha gia moja moja, usirukie namba moja. Vuta hendibreki huku umekibonyeza kile kitufe chake, uvute na kulegeza, maana ukiikaza kwa mara moja magurudumu ya nyuma yanajifunga na gari linageuka. Vikigoma vyote, lisugue ubavuni kwenye ukuta wa mlima. Rangi itatoka, milango itabonyea. Upande wa korongo hakuna wa kupiga rangi. Lori la breki za upepo ni habari nyingine, huko ukipampu ovyo unaumaliza upepo.

Abiria nao. Kona ya pili: "Dereva, ongeza mwendo tumechelewa." Kona ya sita huyo huyo anaomba mfuko wa kutapikia. Dereva anayetapisha gari zima ni yule anayeingia kona na breki na kutoka na mafuta. Akipunguza kabla, vitumbua vya watu vinabaki vilipo.

Halafu wanafika Mombo, magurudumu yanafuka moshi, na mtu anatoka mbio na dumu la maji anamwagia disiki nyekundu. Weee! Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinapinda au kinapasuka, halafu mpaka Korogwe usukani unatetemeka unasema barabara mbovu. Simama pa tambarare, liache kwenye P au kwenye gia, hendibreki usiikaze dramu zikiwa za moto, weka jiwe, subiri nusu saa zipoe na upepo. Maji hayo mpe mama mkwe asukutue. Na jiwe ulitoe.