Shoka, Lindo na Kiseyeye: Maisha ya Askari wa Miguu wa Fort Rice

Katika ngome ya Fort Rice, iliyoanzishwa Julai 1864 kwenye ukingo wa Mto Missouri huko Dakota, askari wa miguu alishika shoka siku nyingi kuliko alivyofyatua bunduki. Nalisema hili mapema kwa sababu simulizi nyingi za mipaka ya Marekani hutuonyesha mapigano tu, na kwa maoni yangu zinaruka sehemu kubwa ya maisha ya askari huyo pamoja na chanzo kikuu cha vifo vyake.

Askari waliofika hapo Oktoba ya mwaka huo walikuwa wa Kikosi cha Kwanza cha Wanajeshi wa Kujitolea wa Marekani. Walikuwa wapiganaji wa majimbo ya Kusini waliotekwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya Kusini na Kaskazini, na kufungwa katika kambi ya wafungwa ya Point Lookout, Maryland, ambako wafungwa waliishi kwenye mahema na kunywa maji mabaya, kisha wakapewa nafasi ya kutoka kwa kula kiapo cha utii na kuvaa sare ya jeshi la Kaskazini. Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, hakutaka kuwapanga mbele ya ndugu zao wa jana, hivyo akaamuru wapelekwe magharibi. Kati ya 1864 na 1866 vilitumika vikosi sita vya namna hiyo, vyenye jumla ya watu wapatao 6,000. Wapo wanaowaita wasaliti. Mimi nashindwa kumhukumu hivyo mtu aliyetakiwa kuchagua akiwa na njaa. (Henry Morton Stanley, yule aliyekutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, naye alitoka gerezani Chicago kwa njia kama hiyo mwaka 1862, ingawa maradhi yalimwondoa jeshini upesi.)

Safari yenyewe iliwachosha kabla ya kazi kuanza. Maji ya mto yalipungua, boti ya mvuke ikashindwa kuendelea, nao wakamalizia njia iliyobaki kwa miguu. Kamanda wao, Charles Dimon, kijana wa miaka 23, alikuwa amekwisha kuamuru askari mmoja apigwe risasi njiani kwa maneno ya uasi.

Ngomeni siku ilianza kwa baragumu na kuitwa majina, kisha gwaride, na baada ya hapo kazi: kukata magogo, kupasua kuni, kuchota maji, kulinda ng'ombe na kusimama lindo usiku kwenye baridi inayogandisha mto mzima. Mto ukiganda, boti hazipandi hadi masika, na askari hula kilichomo ghalani, yaani biskuti ngumu kama kigae, nyama ya nguruwe ya chumvi, maharage na kahawa.

Chakula hicho kilishibisha bila kulinda afya. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kilianza kwa uchovu ambao sajini angeweza kuudhania kuwa uvivu. Kisha fizi zikavimba na kutoa damu, meno yakalegea, miguu ikapata madoa meusi, na hata kovu la zamani likaweza kufumuka upya. Mtu mwenye fizi za namna hiyo aliletewa biskuti ileile, ambayo hata mwenye meno mazima huiloweka kwanza kwenye kahawa. Magonjwa, hasa kiseyeye na kuhara, yaliua wengi zaidi pale kuliko silaha za Walakota, wenyeji wa nchi hiyo. Jambo hili silichukulii kuwa bahati mbaya, kwani jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likiwapa mabaharia wake maji ya limau tangu 1795, na madaktari wa Marekani walijua vizuri kazi ya viazi na mboga. Waliopanga ngome ya majira ya baridi bila akiba ya kutosha ya vyakula hivyo ndio wa kulaumiwa.

Hata hivyo, huruma yangu kwa askari hainifanyi nisahau kwamba kila gogo walilolikata lilikuwa la ardhi ya wenyewe. Misitu ya kandokando ya mto, katikati ya nyika isiyo na miti, ndiyo iliyowapa wenyeji kuni na hifadhi wakati wa baridi, na ngome iliyoila kila siku ilikuwa uchokozi hata kabla ya risasi kulia. Ndiyo maana shambulio la tarehe 28 Julai 1865, ambalo Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, alishiriki, siwezi kulisoma kama ukatili usio na sababu. Wakulima maskini wa Kusini walikuwa wametolewa gerezani ili waishikilie nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuitamani, dhidi ya watu ambao hawakuwa na ugomvi nao, na serikali iliyowatuma haikuwapa hata viazi vya kuwafikisha masika.