Fowili Si Hirizi, Shemeji

Shemeji, zima redio kwanza. Gari unalileta gereji hapa Ngamiani saa kumi jioni, kesho alfajiri unataka uwe njiani kwenda hifadhi ya Mkomazi, halafu unaniambia "angalia tu chapchap". Chapchap! Mkomazi si Raskazone, ukapunge upepo urudi kula. Ile ni nyika. Mvua nyingi zinashikwa na milima ya Usambara na Upare, kule linabaki vumbi, migunga na jua. "Waja leo waondoka leo" ni maneno ya Tanga hapahapa. Kule waja leo, ukikwama walala.

Na usinioneshe hicho kibandiko cha "4WD" hapo mlangoni. Siku hizi watu wameifanya fowili, yaani matairi yote manne kusukuma, hirizi. Mtu ana gari la zamani, loki za magurudumu ya mbele usiposhuka kuzizungusha kwa mkono, hazishiki. Yeye anavuta kigia kidogo humo ndani, anaingia kwenye korongo la mchanga kifua mbele, kumbe yanayosukuma ni matairi ya nyuma peke yake. Yanachimba mpaka difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inakaa chini. Halafu lawama kwa Mjapani.

Mimi maneno yangu ni upepo. Upepo wa tairi, shemeji, si wa baharini. Hapa hadi Same, kwa Segera, Korogwe na Mombo, ni lami tupu, nenda na PSI 36 yako. Ukishapita geti la hifadhi, Zange, shusha hadi 26 hivi. Mchanga mwingi, shusha hadi 18. Tairi linajilaza, linakanyaga kama mguu wa ngamia. Chini ya 15 usiende, ukikata kona tairi linachomoka kwenye rimu. Na upime asubuhi tairi likiwa baridi, maana likishapata moto geji inakudanganya. Ukirudi kwenye lami jaza tena kabla hujakimbia. Tairi laini kwenye kilomita 80 kwa saa linapinda pembeni, linachemka, linapasuka. Pampu chukua ile ya kubana kwenye betri. Hiyo yako ya kuchomeka kwenye kiberiti cha sigara tairi la kwanza tu, fyuzi kwaheri.

Sasa zile barabara zilizojikunja kama bati. Hapo ndipo ninapopatia riziki, ingawa shemeji halipi, shemeji husema "tutaongea". Dereva anagundua kwamba akikimbiza, mtikisiko unapungua. Anafurahi. Hajui kwamba tairi linaruka kutoka mgongo hadi mgongo, chini haligusi vizuri, kwa hiyo breki hana na stelingi hana, anaelea tu. Hifadhini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwenye bati hata hizo ni nyingi. Oili ya ndani ya shokapu inachemka, inatoa povu, sili inavuja, basi tena: gari linadunda kama mpira wa chandimu. Baada ya hapo kila nati inaaga. Bracketi ya betri, mkanda wa tangi, bomba la moshi, keria. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50 za kwanza, kwa msalaba, si kwa kuzunguka kama unatawaza mtoto. Gari likirudi linagonga kama ngoma ya harusi, mwenyewe anasema "limeanza tu lenyewe".

Miiba nayo. Mwiba wa mgunga ukiingia katikati ya tairi, kiraka kinashika. Ukiingia pembeni, hakuna fundi, tairi hilo fanyia bembea. Ndiyo maana nasema spea mbili. Hiyo moja uliyonayo umeikagua lini? Ina upepo? Jeki iko wapi? Na kibao cha kuweka chini ya jeki, kipana sentimita 30 kwa 30? Bila kibao, kwenye mchanga wewe unainua gari, jeki inazama, gari liko palepale.

Kwenye mchanga ingiza gia nzito kabla ya kuingia, si ukiwa katikati unahangaika na klachi. Fuata alama za waliotangulia, usikate kona ghafla, usikanyage breki, acha gari lisimame lenyewe. Likianza kuzama, toa mguu! Kila mzunguko wa bure ni shimo lako. Punguza upepo, fukua mchanga nyuma ya matairi, rudi nyuma kwa njia uliyojia. Lakini kushuka kule kwataka macho, maana si pa kushuka ovyo, kuna simba na nyati. Wala usiliache gari ukaenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari linaonekana kutoka mbali, wewe huonekani. Na mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unajaza meno ya tairi, unabaki na vyungu vinne vya duara. Hapo hakuna fowili wala dua. Simama, subiri ukauke.

Dizeli beba dumu la lita 20, maana mchanga unakunywa kuliko lami. Maji lita 5 kwa mtu kwa siku, na ya rejeta mbali. Rejeta ifunge wavu mbele, mbegu za nyasi zinaziba, injini inachemka. Ikichemka washa hita. Ndiyo, hita, na jua hilohilo! Inatoa moto kwenye injini. Kifuniko usikiguse. Ukipita kwenye majani marefu, simama mahali peupe uchungulie uvunguni, yakishikana na bomba la moshi yanawaka. Vidole gumba toa nje ya stelingi, jiwe likipiga tairi usukani unaweza kukuvunja.

Saa 12 jioni uwe umeshafika unapolala, mambo ya kutembea usiku hifadhini hakuna.

Haya, lete boksi nilale uvunguni. Hizi bushi zimekwisha... sampu ya oili haina bamba la kuikinga... Shemeji? Hebu njoo uiname hapa. Hicho kibandiko ulikinunua wapi? Nioneshe propela, ile shafti ya kupeleka nguvu matairi ya nyuma, iko wapi.