Wapika kura

Mheshimiwa mmoja, jina tumwachie mwenyewe, alikuwa redioni anawashukuru watu wake. Badala ya "wapiga kura" ikamtoka "wapika kura". Akajikohoza, akasahihisha, akaendelea na hotuba. Yeye aliendelea. Wanaokataa kuendelea ni hawa waliokalia benchi langu.

Mimi nauza unite, yaani salio la simu, hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, Kongo (si nchi ya Kenya), chini ya parasoli. Benchi ni la wateja, lakini sasa limegeuka bunge. "Umesikia alivyomeza mate kabla?" "Alisema 'wapika' akitabasamu, mimi nilikuwa namwangalia!" Namwangalia wapi, baba, na hiyo ni redio? Hakuna anayenunua hata unite ya franka mia tano.

Anayewachochea ni mwalimu mstaafu. Kila jambo kwake lina Freud ndani. Yule daktari wa Vienna aliandika mwaka 1901 kwamba ulimi hautelezi bure, kuna neno limejificha rohoni linatafuta mlango. Mfano wake ni wa spika wa bunge la Austria aliyefungua kikao kwa kutangaza kimefungwa. Freud akasema mzee alitamani kiishe hata kabla hakijaanza. Spika huyo nampenda bure. Hata mimi kikao hiki ningekifunga.

Ila simu ninayo, na bando ni biashara yangu. Kumbe mfano huo Freud aliuokota kwa Meringer, mtu wa lugha wa Vienna hiyohiyo, ambaye mwaka 1895 alishatoa kitabu kizima cha watu walioteleza. Yeye aliangalia zaidi jinsi sauti na maneno yanavyopishana. Na kweli, sema K, halafu G: ulimi unagonga palepale nyuma ya kinywa. Nikamwambia Mwalimu. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekuja bila daftari.

"Na Bush?" akaniuliza.

Hapo alinibana, nasema kweli. Mei 2022, kule Dallas, George W. Bush alikuwa analaani uvamizi wa kikatili usio na sababu wa mtu mmoja, akasema wa Iraki. Alitaka kusema Ukraine. Na Iraki ya 2003 aliyeamuru ivamiwe ni nani kama si yeye? Akajisahihisha, akanong'ona kwamba na Iraki pia, akasingizia umri wake wa miaka 75, na ukumbi ukacheka. Benchi lote likapiga makofi kana kwamba Bush amekiri hapa Kenya.

Haya, na Biden je? Julai 2024, kwenye mkutano wa NATO mjini Washington, alimkaribisha Zelensky wa Ukraine kwa jina la Putin wa Urusi. Rohoni alikuwa amemficha Putin? Yeye aliyekuwa akimpa Zelensky silaha? Mwalimu akasema hilo ni uchovu. Ahaa! Bush ni roho, Biden ni usingizi. Nani anagawa?

Kinachonichoma ni kwamba kwenye hotuba ileile mheshimiwa aliahidi maji ya bomba na taa za barabarani, tena bila kuteleza hata silabi moja. Pale hakuna aliyechimba maana. Hakuna aliyeuliza lini, kwa pesa gani. Mama watoto bado anabeba bidoni kichwani, na hawa wanapima herufi K.

Jioni wakainuka, wamekauka koo. Mwalimu, ambaye nilimkopesha unite ya franka elfu mbili, akanishika bega kwa upole: "Mdogo wangu, usiwe na wasiwasi, ile pesa yako nitakulipa juzi."

Benchi zima likanyamaza. Nikamuuliza, "Mwalimu, Freud anasemaje hapo?"

"Ee bwana, ni ulimi tu!"

Nimefungua kaye ya madeni, mbele ya jina lake nimeandika: *atalipa juzi*. Nimemtaka atie sahihi. Amekataa.