Vumbi la Ghuba na utando wa injini za ndege

Novemba 2023, kwenye maonyesho ya ndege ya Dubai, rais wa shirika la ndege la Emirates, Tim Clark, alikataa kuagiza ndege ya Airbus A350-1000. Injini yake, Trent XWB-97 ya Rolls-Royce, alisema haidumu vya kutosha katika mazingira ya Ghuba, na matengenezo yake ni ghali. Rolls-Royce ilikanusha kwamba injini ina kasoro.

Ubishi wa namna hii huanzia mahali padogo sana. Gesi inayoingia kwenye turbaini, sehemu ya injini inayozungushwa na gesi moto, huweza kupita nyuzijoto 1,500 za Selsiasi, wakati aloi ya nikeli inayotengenezea blaidi, yaani mapanga yake, huyeyuka kabla ya hapo. Kinachoziokoa ni hewa ya kupooza inayopitishwa ndani yake, pamoja na utando wa zirkonia yenye itria, aina ya kauri inayokinga joto, mwembamba kuliko milimita moja. Vumbi la jangwani likifika humo huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 1,200, likawa kioo cha majimaji na kupenya nyufa za utando. Injini ikizimwa, kioo kinaganda; nyufa zilizoachwa makusudi ili utando utanuke na kunywea zimeshazibwa. Baada ya safari nyingi utando unabanduka vipande vipande.

Wanaotaka utando mpya wanaitetea zirkonati ya gadolinia, kauri nyingine, na hoja yao ina uzito: hiyo humenyuka na kioo kile na kutengeneza gamba linalokizuia kupenya zaidi. Lakini ni dhaifu mbele ya chembe ngumu zinazoigonga kwa kasi, tena haipatani na alumina, yaani oksidi ya alumini, inayoota chini yake. Hivyo huwekwa juu ya zirkonia ya zamani, na hapo tabaka zinakuwa mbili, gharama inapanda, na panaongezeka mpaka mmoja ambapo tabaka zinaweza kuachana.

Wengine wanasema punguzeni joto. Sawa, ila mafuta yataliwa zaidi, na mashirika ya ndege hununua mafuta kila siku.

Kwa ndege zinazolala Dubai au Doha, mimi naegemea tabaka mbili. Kwa inayozunguka Ulaya kaskazini, sioni haja. Ninachokitilia shaka zaidi ni majaribio ya tanuri safi: utando unaweza kustahimili humo mizunguko mingi ya joto bila kuguswa na punje ya mchanga. Mnunuzi adai jaribio lenye vumbi, kisha aangalie mkataba. Pale anapolipa kwa saa ya kuruka, gharama ya utando unaobanduka mapema inamwangukia mtengenezaji, isipokuwa kama ameshaiingiza kwenye bei ya saa hiyo.