Maharusi wa Jumamosi kwenye kapela ya chuo

Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa kapela wiki ya kwanza ya muhula, mistari mitatu tu. Kuanzia sasa kapela ni ya ibada na ya wanafunzi. Ndoa za watu wa nje zirudi parokiani kwao, na vikundi vya mtaa vitafute ukumbi kwingine. Tangu siku hiyo walimu, wanafunzi na wamama wanaokaa nyuma ya ukuta wa chuo hawajaacha kubishana. Mimi nafundisha pale na kusali pale, na nimesikia mengi yanayosemwa kuhusu watu wa nje wanaooa hapo Jumamosi ambayo si ya haki.

Lakini walioandika karatasi ile nao wasiitwe wachoyo. Mwanafunzi anayepanga chumba kimoja na wenzake watatu huko Kadutu, ukuta mmoja na baa, hana mahali pengine penye utulivu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Bwawa la umeme la Ruzizi liko hapa hapa mlangoni petu na bado tunalala gizani, kwa hiyo dirisha kubwa la kapela ni taa ya bure hadi jioni. Mwaka jana, Jumamosi moja karibu na mitihani, niliona msichana amekaa benchi la mwisho, silabi (maandishi ya somo) magotini, masikioni amejisokotea karatasi ya chooni. Mbele yake kijana wa sono, yaani vyombo vya sauti, alikuwa akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Msichana akavumilia kama robo saa, kisha akafunga silabi na kwenda zake. Nilitamani kumwomba radhi, na wala sikuwa mimi niliyeoa.

Wanayo sheria pia. Kanuni ya 1210 ya sheria ya Kanisa ya 1983 inasema mahali patakatifu ni pa ibada, uchaji na dini. Matumizi mengine yanahitaji ruhusa, tena kwa tukio moja moja, na yasipinge utakatifu wa mahali. Barua ya Roma ya Novemba 1987 kuhusu matamasha makanisani ilikaza zaidi: kanisa si ukumbi wa kila mtu. Anayesema mkutano wa kikundi cha akiba hauna kazi mbele ya tabernakulo hajatunga neno lake.

Ila wanaoinukuu 1210 wageuze kurasa chache tu, wafike 1223. Pale kapela ya namna yetu inaelezwa kuwa mahali pa ibada palipowekwa kwa faida ya jumuiya fulani, ambapo waumini wengine nao wanaweza kuja kwa idhini ya mkuu anayehusika. Na 1118 inasema ndoa ya Wakatoliki hufungwa parokiani, lakini askofu au paroko anaweza kuruhusu ifungwe katika kanisa jingine au kapela. Kwa hiyo mlango haukuachwa wazi kwa bahati mbaya, na mgeni hajaingia kwa dirisha. Kinachobishaniwa ni kama wakuu wetu wanataka kuitumia idhini waliyo nayo.

Basi ni nani hao wageni? Wanaopinga hupenda kuchora picha moja: msafara wa magari yenye maua, wapiga picha wanaopanda hadi altareni, mchele uliotapakaa ngazini, bibi harusi aliyechelewa saa mbili. Watu hao wapo, nawafahamu. Lakini mwenye magari ya kupanga hakosi pa kwenda. Atafunga ndoa katedrali, jioni atakuwa kwenye ukumbi wa Nguba au Muhumba mbele ya ziwa, na karatasi ya mlangoni petu hataisoma kamwe.

Anayeisoma ni yule mama wa nyuma ya ukuta. Amekaa na baba watoto wake miaka kumi na minane. Mahari ilianzwa, ng'ombe mmoja akatolewa, wa pili akabaki ahadi. Vita, kuhama, watoto, ada za shule, na sherehe ikaahirishwa mpaka ikasahaulika. Haogopi padri wala sakramenti. Anaogopa aibu ya kuolewa bila kulisha watu. Parokiani kwake ukoo wote unajua tarehe, na ukoo ukijua tarehe unataka nyama. Kapela ya chuo iliwapa watu wa namna hii njia ya pembeni: ndoa za pamoja, jozi tano au sita kwa misa moja, kitenge kimoja kwa wote, kwaya ya wanafunzi, soda na maandazi chini ya miti, na kila mtu nyumbani kabla ya giza. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, hata mwenye mshahara ameona faida ya harusi ya maandazi.

Kuna jambo moja ambalo nalirudia kila mkutano, hadi wenzangu wananicheka: cheti cha komini, yaani cheti cha ndoa kinachotolewa na ofisi ya serikali. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaitambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa komini, au iliyofungwa kimila katika familia kisha ikaandikishwa. Baraka ya padri peke yake, mbele ya sheria ya nchi, ni baraka tu. Lakini mapadri na wachungaji wengi hawabariki kabla hawajakiona cheti. Ndiyo maana jozi zetu zote hupita kwanza komini, Ibanda au Kadutu, na watu waliokwepa ofisi ile miaka yote wanaingia humo kwa sababu wanataka misa.

Karatasi ile ina uzito gani? Muulize mwanamke aliyefiwa. Kwa sheria hiyo hiyo, watoto ndio kundi la kwanza la warithi, nao huchukua robo tatu. Mjane yumo kundi la pili pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, tena analindiwa haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe. Mwanamke asiye na cheti hayumo kundi lolote. Watoto wanaweza kupata chao kama baba yao aliwatambua. Yeye, hata awe amemzika mzee kwa pesa zake, mashemeji wakija na kufuli mpya hana cha kuwaonyesha zaidi ya picha. Na kufuli mpya hapa kwetu huja mapema, mara nyingine kabla matanga hayajaisha. Sikatai kwamba mtu anaweza kwenda komini bila misa. Nasema hawaendi.

Kuhusu mikutano ya mtaa msimamo wangu ni mlegevu zaidi. Likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ihesabu pesa zake kwenye veranda, sawa, sitapigana. Ila mji huu umezoea kusikia kanisani yale yasiyosemeka kwingine. Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa hapa tarehe 29 Oktoba 1996, na Kataliko, mrithi wake, aliyepelekwa uhamishoni Butembo baada ya barua yake ya Noeli ya 1999, hawakuwazungumzia waumini roho zao peke yake. Benchi za kanisa hapa zimebeba mengi.

Na hapo ndipo penye hoja inayoninyima usingizi, ambayo wapinzani wangu huitaja kwa sauti ya chini: siku hizi kundi la watu ndani ya uzio wa chuo laweza kuulizwa limekuja kufanya nini, na atakayejibu si bibi harusi, ni mkuu wa chuo. Sina jibu zuri. Nimependekeza tu kwamba majina ya jozi na mashahidi wao yafike kwa padri wiki mbili kabla, na sentineli, mlinzi wetu, awe na orodha getini. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama orodha yenyewe haiwezi kuwa hatari ikiangukia mikono mingine. Nikanyamaza.

Mengine yanarekebishika. Ndoa za pamoja, Jumamosi moja kwa mwezi, saa nane hadi saa kumi. Sono hapana, kwaya inatosha. Mchele usirushwe, kwanza ni chakula. Mwezi wa mitihani kapela iwe ya wanafunzi peke yao, na atakayeleta kipaza sauti aonyeshwe yule msichana wa benchi la mwisho.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mama mmoja mbele ya karatasi ya mlangoni, hajui kusoma vizuri, akaniomba nimsomee. Nilipomaliza akafungua pindo la kitenge chake, akatoa cheti cha komini ndani ya mfuko wa plastiki, muhuri wa wiki ile ile. «Sasa hiki, mwalimu, nikipeleke wapi?»