Vaka ya Tonga na vaka ya Uswidi si ndugu

Mwenyeji wa visiwa vya Tonga akisema vaka, anataja chombo cha majini. Mswidi akitamka neno hilo hilo, anazungumzia kukesha. Nimeona watu wengi wakiokota jozi za namna hii na kuzitangaza kuwa ushahidi wa undugu wa kale baina ya mataifa. Jambo hilo linanisikitisha, kwani neno lina nasaba yake, na anayelipachika ukoo wa kubuni hulipokonya ukoo wake wa kweli.

Huko Polinesia, kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki vikiwamo vya Tonga, ukoo huo uko wazi. Watonga husema vaka, Wamaori waka, Wasamoa vaʻa na Wahawaii waʻa. Sauti k imegeuka kuwa mkato wa kooni, unaoandikwa kwa alama ʻ, huko Samoa na Hawaii, na haikugeuka katika neno hili pekee: samaki, ambaye kwa Kitonga na Kimaori ni ika, kwa Kisamoa na Kihawaii ni iʻa. Mabadiliko yanayorudi kwa utaratibu, neno baada ya neno, ndiyo ushahidi ninaoukubali. Kwa Wamaori wa Nyuzilandi neno limepanuka hata kubeba watu wenyewe, kwa kuwa waka ni pia kundi la koo zinazojihesabu kutokana na mababu waliowasili katika chombo kimoja, kama Tainui au Te Arawa. Anayejitambulisha kwa desturi yao hutaja mlima wake, mto wake na waka wake, ndipo afikie jina lake. Siku hizi hata gari ni waka.

Neno la Skandinavia lina jamaa wengine kabisa. Kiswidi na Kiaislandi husema vaka, Kinorwei våke, Kideni våge, na Kiingereza kina wake na watch. Waswidi huita kukesha na maiti likvaka, na nasi tunaosema mkesha wa Krismasi twaelewa mara moja jinsi kitendo cha kukaa macho kinavyoweza kuwa jina la sikukuu. Wanorwei huadhimisha Olsok tarehe 29 Julai, kumkumbuka Mfalme Olav aliyeuawa Stiklestad mwaka 1030. Jina la zamani la siku hiyo ni Ólafsvaka, yaani mkesha wa Olav, na vaka yote imesagika ikabaki silabi moja tu mwishoni. Katika visiwa vya Faroe siku hiyo huitwa Ólavsøka.

Basi sikio linatudanganya pande zote mbili: silabi ya mwisho ya Olsok haifanani na vaka ilhali ni damu moja, na vaka mbili zinazofanana kama pacha hazijuani. Kihawaii kina konsonanti 8 tu, na lugha yenye sauti chache na maneno mafupi haiwezi kukwepa kugongana na nyingine. Kiswahili nacho kina waka, la moto na taa, wala hakuna anayedai kwamba Wamaori walilichukua Pwani.

Anayeshikilia undugu wa Tonga na Uswidi asiniletee neno moja. Aniletee kumi yanayofuata utaratibu mmoja, na aanze na samaki, ambaye kwa Kitonga ni ika na kwa Kiswidi ni fisk.